Anaondoka Jumatano

Delmira Cárcamo alikuwa na miezi mitano akimtunza mzee Iscle nyumbani kwake Banyoles, mji mdogo wa Wakatalani, na kwa miezi hiyo mitano Kikatalani kilikuwa kimemtia aibu kila mahali. Yeye ni mtu wa Honduras, Kihispania alikinyonya ziwani mwa mama yake. Watu walimwambia asijali, lugha hizi mbili ni dada wa tumbo moja. Hawakumwambia kwamba dada hao hawasikilizani.

Kuna siku alikwenda buchani kutafuta mfupa wa supu. Kikatalani, mfupa na dubu ni karibu neno moja, tofauti ni ile "o" tu: kwa mfupa mdomo unaachama, kwa dubu mdomo unabanwa. Delmira akabana.

"Naomba dubu mmoja wa supu."

Mama Quima, mwenye bucha, akaweka kisu chini taratibu. "Dubu wameisha jana, mwanangu. Leo nina ng'ombe tu. Atakufaa?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Aliporudi na kumsimulia mzee, naye alicheka mpaka akashika nyonga yake iliyovunjika. "Achama, binti! Achama kama unamwonyesha daktari koo!"

Mzee Iscle alikuwa kinyozi miaka hamsini, na ulimi wake ulibaki mkali kama wembe. Kihispania alikijua vizuri, lakini nyumbani mwake hakukitumia. "Mimi nimezeeka, ulimi wangu haugeuki tena," alisema. "Geuza wako." Ndiye aliyemwandikisha Delmira darasa la wanaoanza, Jumatatu na Alhamisi alasiri, kwenye chumba cha nyuma cha maktaba.

Jambo moja tu ndilo lililomkosesha Delmira raha. Roser, binti pekee wa mzee, aliyeishi Barcelona, alikuwa amemwahidi mkataba wa mwaka mzima. Bila mkataba hapati kibali cha kuishi, na bila kibali akitoka nchini harudi. Bintiye Keyla, wa miaka tisa, alikuwa Choluteca, kule Honduras, kwa bibi yake, na kwenye simu alikuwa ameanza kujibu kwa neno moja moja. Kila Jumamosi Roser alikuja na keki, akambusu baba yake, akasema, "Mkataba Jumamosi ijayo, Delmira, nisamehe, kazi zimenizidi."

Ijumaa moja asubuhi Delmira alirudi na mkate, akamkuta mzee sebuleni anaongea na Roser kwa simu. Hakuwa na nia ya kusikiliza. Lakini mtu anayejifunza lugha hawezi kuziba masikio. Kila neno analolitambua humrukia kama paka.

Alilitambua neno "vaig". Linaandikwa hivyo, lakini ukilitamka mwisho wake ni "ch". Mwalimu alikuwa amewafundisha wiki iliyopita tu: maana yake "naenda". Na kwao Honduras, mtu akisema naenda kufanya jambo, basi atalifanya. Kwa hiyo Delmira, amesimama kwenye korido na mkate kwapani, alisikia hivi:

"Naenda kutafuta mwanamke mwingine. Naenda kuongea naye Jumatatu. Jumatano anaondoka."

Hakungoja zaidi. Aliingia jikoni, akafungua bomba la maji ili asisikie tena.

Anaondoka Jumatano. Nani mwingine wa kuondoka kama si yeye? Aliyachambua makosa yake yote: supu iliyozidi chumvi, shati la sufi lililorudi na kipimo cha mtoto baada ya kufuliwa, dubu. Mchana ule mzee akamwambia kwamba Roser ana mafua, Jumamosi hii haji. "Basi ndiyo hivyo," Delmira akajisemea. "Hata uso wangu hataki kuuona."

Alikaa siku tatu kama mgeni. Alisugua vigae vya bafuni kwa mswaki. Mzee alipomtania hakucheka, na alipomuuliza kulikoni alijibu, "Hakuna kitu, mzee." Usiku alitoa begi chini ya kitanda, akaweka nguo mbili, akazitoa, akaziweka tena. Mama yake alipopiga simu hakuthubutu kumwambia neno.

Jumatatu alasiri hakuwa na hamu ya darasa. Lakini kubaki nyumbani amsubiri huyo mwanamke mwingine agonge mlango kulikuwa kubaya zaidi. Akaenda, akakaa kiti cha nyuma karibu na Lamin, Mgambia mmoja aliyefanya kazi ya kupaka rangi nyumba na aliyejua jibu la kila swali.

Mwalimu Assumpta aliandika ubaoni maneno mawili: "vaig cantar".

"Kuimba mnakujua. Haya, maana yake nini?"

"Nitaimba!" darasa likajibu kwa sauti moja.

"Ndiyo mtego wenyewe, wapenzi wangu. Wote mmenasa." Akacheka, akaugonga ubao. "Hili 'vaig' likifuatwa na kitenzi hivi, haliendi mbele. Linarudi nyuma. Niliimba. Jana, juzi, mwaka juzi. Imekwisha."

Delmira akasimama, bila hata kunyoosha mkono.

"Mwalimu. Mtu akisema hivi…" Na akayatamka maneno yote ya mzee kama alivyoyasikia, neno kwa neno, kwa matamshi bora kuliko yote aliyowahi kuyatoa darasani humo.

Assumpta akayasikiliza hadi mwisho. "Nilitafuta mwanamke mwingine. Niliongea naye Jumatatu. Jumatano aliondoka."

"Aliondoka? Yeye? Huyo mwingine?"

"Yeye mwenyewe."

"Jumatatu mpaka Jumatano!" Lamin akasema. "Huyo hata chai hakumaliza."

Darasa likacheka, na Delmira akaketi. Alicheka huku machozi yanamtoka, na mama mmoja wa Ukraine akampa karatasi za kufutia pua bila kuuliza neno.

Alipofika nyumbani hakuvua hata koti. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, anasugua nyanya juu ya kipande cha mkate, kama ilivyo desturi ya huko.

"Mzee, nilidhani unanifukuza," akasema kwa Kikatalani, kila kitenzi kikiwa mahali pake. "Nilikusikia kwenye simu. Nilielewa vibaya."

Mzee akamtazama, nyanya mkononi. Alipoelewa alicheka hadi akakohoa. Kisha akaacha kucheka.

"Siku tatu umekaa na hilo moyoni? Na mimi nikadhani ni jino! Njoo hapa, binti. Nilikuwa namwambia Roser habari za yule niliyemchukua kabla yako. Nilimkosoa namna ya kukata vitunguu, Jumatano akabeba mizigo yake. Nikamwambia Roser: wewe endelea kuchelewesha huo mkataba, na huyu naye ataondoka, halafu uje unipikie wewe. Unajua anavyopika?"

"Sijui."

"Omba Mungu usijue."

Jumamosi Roser alikuja na pua nyekundu na mkataba, wote umeandikwa kwa Kikatalani. Alitaka Delmira aweke sahihi haraka ili yeye Roser awahi basi la saa tano. Delmira akasema hapana, nitausoma kwanza. Akausoma kwa sauti, mstari kwa mstari, na mzee akimkatiza kila dakika: "Hiyo 'o' haina mkazo, itamke 'u'. Rudia." Basi la saa tano likaondoka, na la saa sita likaondoka. Roser akavua koti, akaenda kumenya viazi, na baba yake akamzuia asiguse sufuria.

Delmira alipoweka sahihi alikwenda uani na kumpigia Keyla. Kule kwao ndiyo kwanza kunapambazuka, na mtoto alipokea kwa sauti ya usingizi.

"Nimesaini mkataba, mwanangu. Kibali kikitoka nitakuja kukuona," akamwambia.

Kisha Keyla akaanza kuuliza, na maswali yake hayakuwa na mwisho: kuna baridi kiasi gani, huyo mzee ana mbwa, watoto wa huko wanaongea namna gani. Delmira akaegemea ukuta uliopigwa na jua, akayajibu yote, moja baada ya jingine.