Minara Juu ya Ziwa

Wifi yangu Vlasta ni daktari wa meno hapa Ostrava, mtu asiyesitasita. Kaka yake Ctibor, yaani mume wangu, ndiye aliyemfundisha ule mchezo wa kompyuta wa kujenga viwanda, na hadi Jumapili ile alijiona bado ni mwalimu wake.

Mashindano yalikuwa klabuni kwetu, kwenye ukumbi uliokuwa sinema zamani. Wapinzani wa Vlasta na Ctibor walikuwa Hynek na mkewe Bohdana, wametoka Olomouc, na tangu wanaingia walitaniwa kuhusu jibini ya kwao inayonuka. Sheria ilikuwa nyepesi: kila timu inachimba madini ya titani, inaisafirisha hadi kambini, na wa kwanza kujaza ghala ndiye mshindi. Ruhusa kumshambulia mwenzio.

Titani yetu ilikuwa ng'ambo ya ziwa. Ctibor akatandaza mkanda wa kusafirishia mizigo kuzunguka ukingo wote, kona baada ya kona. Ulipendeza kweli. Lakini ndege za Hynek zilikuwa zikiukata kila mara. Akiziba hapa, unakatika kule.

"Kaka, mkanda wako haufai," Vlasta akasema. "Naung'oa."

"Thubutu!"

Akathubutu. Mkanda ukafutika kwenye skrini, sehemu ya chuma chake ikarudi ghalani, na kwa chuma hicho akasimamisha minara mitatu: mmoja machimboni, mmoja kwenye kisiwa katikati ya ziwa, wa tatu kambini. Mnara wa kwanza ukafunga mzigo na kuutupa juu ya maji. Wa pili ukaudaka, ukautupa tena. Wa tatu ukaupokea. Watu nyuma yetu wakapiga miluzi.

Ctibor alivua hedifoni, akakunja mikono. "Umeniaibisha mbele ya mke wangu."

"Mkeo anakula, hata hakuangalii."

Nilikuwa nakula kweli, chapati za viazi zilizokaangwa na vitunguu saumu, lakini nilikuwa naangalia.

Minara ile hula umeme kama nini. Baada ya muda ikaanza kulegea, na mizigo ikawa inatupwa kwa kuchelewa. Vlasta hakumbembeleza mtu. Ctibor alivumilia, akakohoa, akashindwa. Akavaa hedifoni zake huku akinung'unika, akaanza kujenga mitambo ya umeme, mmoja baada ya mwingine. Minara ikachangamka.

Ndipo Hynek alipotuma ndege zake zote machimboni. Bunduki zetu za kule zilikuwa zimebakiwa na risasi chache.

"Daktari!" Hynek akapaza sauti. "Leo mgonjwa ni wewe! Fungua mdomo!"

"Kaka, jaza risasi kwenye mnara wa kambini," Vlasta akasema.

"Ule unapokea tu, mdogo wangu."

"Ulikuwa unapokea."

Akaugeuza mnara wa kambini, akageuza na wa kisiwani. Mara vifurushi vya risasi vikaanza kuruka juu ya ziwa kuelekea machimboni. Bunduki zikafufuka, ndege zikadondoka majini kama kunguru waliopigwa mawe.

"Hynek, risasi hizo zimetoka wapi?" Bohdana akauliza.

"Usiniulize mimi!"

Vlasta akairudisha minara ilivyokuwa, titani ikaanza kumiminika tena, na ghala letu likajaa wakati la kwao bado lina nafasi tele. Ukumbi ukalipuka kwa kelele. Hynek akaja kutushika mkono, akicheka kwa shida.

Ctibor alibaki amekaa. "Ungeniuliza kwanza," akamwambia dada yake, taratibu.

"Ungekataa."

Akafikiri. "Ningekataa, ndiyo."

Msimamizi akapita akiuliza nani nahodha wetu kwa mechi ijayo na vijana wa Brno. Vlasta alifungua mdomo, lakini kaka yake alikuwa ameshamnyooshea kidole. Kisha akaenda kaunta, akarudi na bia tatu, na ya kwanza akampa dada yake.