Mpagazi wa Darasa la Nane

Asubuhi moja ya kipupwe, enzi za Waingereza, upepo ukipeperusha majani makavu ya mahindi mpaka madarasani, pale shule ya Katandala, Mwalimu Ignasi alimrudishia Dominika insha yake ya historia. Wino mwekundu ulikuwa umejaa pembeni.

"'Watu walibeba mizigo wakati wa vita vya Wajerumani,'" alisoma kwa sauti. "Watu gani? Mizigo gani? Walipita wapi? Insha isiyojibu hayo ni mchuzi wa maji matupu, binti yangu."

Alikuwa na sababu ya kuwa mkali. Mwaka uliopita darasa zima lilianguka historia, na mkaguzi wa Jimbo aliahidi kwamba wakianguka tena shule itafungwa. Ignasi alikuwa na mke, watoto na mama mzee, wote wakiitegemea chaki yake. Tangu siku ile, kila gari lililonguruma barabarani lilimfanya achungulie dirishani.

Dominika akaandika upya. Alipotaja sanduku la risasi, sanduku likatokea mlangoni, limeelea usawa wa kichwa cha mtu mzima. Wakati wa mapumziko wanafunzi waliinama wakapita chini yake. Alipotaja njia, kutoka Kasanga kuelekea Iringa, chini ya sanduku ikasimama miguu yenye matope, mmoja una kidole kilichokatika. Alipoongeza njaa na kuhara damu, ukaja mwili, mbavu nje nje. Insha ilizidi kunona na mtu akazidi kukamilika, ila uso. Pale pa uso palikuwa wazi, unaona uwanja wa shule mpaka ng'ambo.

Bertilla, mama yake Ignasi, alipoleta ugali wa ulezi mchana, aliweka bakuli chini akaitazama ile miguu.

"Huyu ni Adolfu, baba yako, aliyechukuliwa kubeba mizigo asirudi," alisema. "Kidole kile alikikata kwa jembe tukilima matuta, wewe uko mgongoni kwangu. Mwandikeni jina lake, mwanangu. Akishajulikana atautua mzigo."

"Mkaguzi hataki majina, mama. Anataka amani iliyoletwa na Waingereza. Yule mwalimu wa Matai, aliyewafundisha watoto habari za waliofia njiani, yuko wapi leo?"

"Sijui."

"Basi. Hata mimi sijui."

Usiku Ignasi hakulala. Insha nyembamba ingefunga shule. Insha iliyonona kupita kiasi ingemfunga yeye. Aliogopa hata kukohoa.

Siku ya mtihani mkaguzi aliwasili mapema. Alimwambia yule mpagazi wa mlangoni "Pisha," na akiingia akatundika kofia yake kwenye pembe ya sanduku. Swali lilikuwa moja: Eleza jinsi utawala wa Kiingereza ulivyoingia Ufipa. Dominika aliandika bila kuinua kichwa, kama alivyofundishwa, nani, wapi, alibeba nini. Kisha akanyoosha mkono.

"Mwalimu, huyu baba aliitwa nani?"

Mkaguzi akainua macho. Dirishani, Bertilla alikuwa amesimama na bakuli lake. Jina lilikuwa mdomoni mwa Ignasi, lote.

"Andika 'wapagazi kadhaa'," alisema.

Dominika akaandika. Mkaguzi alisogea, akainama begani kwake akaisoma insha, akaridhika. "Hii imetulia," alisema. "Ina mpangilio, na haina makelele."

Karatasi zilipokusanywa, gari la mkaguzi lilikuwa limejaa. Akalipandisha kasha la mitihani juu ya lile sanduku la risasi, akavaa kofia yake, akaashiria kwa kidole. Mpagazi akaanza kutembea nyuma ya gari, akashika njia ya Matai, ile ile iendayo Kasanga.

"Wanampeleka wapi tena?" Bertilla aliuliza.

Ignasi akaanza kufuta ubao. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, ila nyumbani kwake jioni ile hakuna aliyecheka.

Darasa lote lilifaulu, na shule haikufungwa. Bertilla bado huleta ugali wa watu wawili, bakuli la pili huliweka mlangoni pale aliposimama mpagazi, na jioni hulichukua limepoa. Wanafunzi hulikwepa wakitoka. Hakuna anayeuliza ni la nani.