Macho ya Kipanga

Nyumba yetu ina vyumba viwili, na vitu vyote hupotelea kwenye kimoja, kile ninachoshonea. Cherehani imebanwa kati ya kitanda na kabati. Nikitaka kunyoosha mguu, lazima niupitishe chini ya kitanda. Mkasi unamezwa na vitambaa, tepu inatambaa yenyewe, chaki ndiyo usiseme. Na mimi hasira zangu ziko karibu. Kitu kikipotea napayuka mpaka majirani wanapunguza redio ili wasikose neno.

Ndipo nikaanzisha utaratibu wa sarafu. Atakayekiona kilichopotea, sarafu mkononi papo hapo, bila longolongo. Nilizihifadhi kwenye mkebe wa vifungo, juu ya cherehani. Mtoto ninaye mmoja, binti wa miaka minane, ambaye baba yake alimpachika jina la Kipanga kwa ajili ya macho yake. Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Kwanza aliuliza, "Mara ya mwisho ulikuwa unashona nini?" Kisha alilala kifudifudi, akabandika shavu sakafuni na kufumba jicho moja. Sijamaliza hata kulaani, sindano imeshapatikana! Nilimwonea fahari, nikawa namsifia hadi dukani.

Sasa, shule ya jirani ikatangaza inatafuta fundi mmoja wa kushona sare za wanafunzi wote. Kila fundi apeleke blauzi moja ya mfano, mwisho Jumamosi saa sita mchana. Kazi ya mwaka mzima! Nilishakitolea macho chumba kitupu kando ya duka la dawa, na kichwani nilishaiweka cherehani yangu dirishani, kwenye mwanga. Wifi yangu naye ni fundi, naye aliitaka kazi hiyo. Sikumwonea kijicho. Ijumaa alikuja kuniomba uzi mweupe, nikampa mpya ambao nilikuwa sijaufungua.

Jioni hiyo niliisafisha cherehani. Nikatoa kikasha cha bobini, kile kidude cha chuma kinachokaa chini ya sindano na kushika uzi wa chini, nikakifuta, nikakilaza juu ya kitambaa. Asubuhi, blauzi imeshakatwa, imebaki kuunganishwa tu, kidude hakipo. Cherehani yenyewe ni ya marehemu mama, ya zamani mno. Vipuri vyake huvipati karibu.

"Huo ndio ubaya wa kuweka vitu ovyo," alisema mume wangu, kikombe cha chai mkononi. Lakini alikiweka chini, akaja kunisaidia. Alinyanyua godoro upande wake, mimi upande wangu. Akapuliza vumbi, akaniambia, "Pole, mke wangu. Kitaonekana tu."

"Kipanga!" niliita. "Njoo mwanangu, leo sarafu tano!"

Alikuja, akasimama mlangoni, mikono nyuma. Akazungusha macho ukutani, akazungusha macho darini. Hakuniuliza nilikuwa nashona nini. Hakulala chini.

"Sikioni, mama."

Nilikuwa nimechanganyikiwa, sikuyatia maanani hayo yote. Nikachukua sindano ya mkono, nikajikaza, nikashona kola, mikono, pindo, vidole vinaniwaka moto. Nilifika shuleni nikihema, saa sita imeshapita. Mwalimu mkuu aliigeuza blauzi ndani nje, akaipapasa mishono.

"Kazi safi sana, mama," alisema. "Ila tumeshachagua."

Aliyechaguliwa ni wifi. Nilimwona akitoka ofisini, akaniamkia huku akitazama viatu vyake.

Jumapili, nimejilaza nimegeukia ukuta, Kipanga akaingia mbio.

"Mama, nimekipata!"

Mkono mmoja ulishika kidude, mwingine ameukinga.

"Kilikuwa wapi?"

"Ndani ya kiatu cha baba, kile cha kazini."

"Umekiona leo?"

Mtoto wangu hajui kudanganya akiulizwa waziwazi. "Nilikiona jana asubuhi. Baba akanipa sarafu kumi nisikione. Akasema nikione leo." Kisha akanikumbusha, "Ulisema tano."

Nikampa tano. Niliahidi, na yeye alikuwa ameleta. Kisha nikatoka uani kwa baba yake.

Hata hakukana. "Dada yangu hana mtu," alisema. "Wewe una mimi. Nilishamwambia asiwe na wasiwasi."

"Si ungeniomba?"

"Ningekuomba, ungekubali?"

Nilitukana matusi ambayo sikujua kama ninayo. Majirani siku hiyo walizima redio kabisa. Lakini nikiwaambia kilichoniuma, si kazi, wala si wifi na uzi wangu mweupe. Ni lile godoro. Mwanamume ananyanyua godoro upande wa pili, anapuliza vumbi, ananiangalia usoni na kunipa pole, na huku kitu kimo kiatuni mwake! Kuanzia siku hiyo, akiniambia pole hata kwa kujikwaa, namwangalia kwanza viatuni.

Utaratibu wa sarafu nikauvunja. Kidude sasa, nikimaliza kushona, nakitunga kwenye uzi na kukivaa shingoni, chini ya nguo, hata nikilala. Kikipotea kitu kingine natafuta mwenyewe, kimyakimya.

Ilipita miezi. Jumatatu moja, mume wangu, ambaye ni mtunza ghala, akakosa funguo za ghala. Malori yalishapanga foleni getini, bosi anapiga simu, na wiki iliyotangulia alikuwa ameonywa kwa kuchelewa: akichelewa tena, asirudi kazini. Alipekua mifuko, akapindua makochi, jasho linamtiririka. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, natia kiraka kwenye suruali ya mtu.

"Kipanga!" baba yake aliita. "Njoo, mwanangu! Sarafu kumi! Ishirini!"

Alikuja. Safari hii alilala kifudifudi, shavu sakafuni, jicho moja amelifumba. Mara moja tu. Kisha akainuka taratibu, akajipangusa magoti, akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Umeziona?" baba yake aliuliza.

Kipanga aligeuka. Alinitazama mimi, mtulivu kabisa, kama mtu wa dukani anayesubiri mteja wa pili aseme atatoa ngapi.

Mkono wangu ulishafika kwenye mkebe wa vifungo, penye sarafu zangu za zamani, kabla sijajua ninachofanya.