Jimu Ina Kitovu

Mwalimu Abdulsalam alipanda mto kutoka Kipini kwa mtumbwi, siku nne, akiwa na sanduku la vitabu, mbao kumi na mbili za kuandikia, na tumbo lisilotaka ndizi. Hili la ndizi lilikuwa tatizo, maana kijiji alichokuja kusomesha, mbele kidogo ya Garsen, kilikuwa na ndizi nyingi kuliko watu. Ilikuwa miaka michache baada ya Wazungu kutundika bendera yao Kipini. Wazee walikuwa wamekubaliana kwamba ikiwa dunia inageuka, afadhali watoto wajue kusoma kabla haijamaliza kugeuka.

Mzee Godhana akatoa baraza yake iwe chuo cha Kurani. Godhana alikuwa na mashamba mengi kuliko mtu yeyote ukingo ule wa mto, na tumbo kubwa kuliko mtu yeyote kingo zote mbili. Kikoi chake alikifunga chini ya tumbo hilo, kwa sababu juu yake hakikufika, na kitovu kilishinda nje mchana kutwa kikiangalia wapita njia.

Watoto kumi na wawili wakaanza. Mmoja wao alikuwa Kaltuma, msichana wa miaka saba mwenye maneno mengi. Baba yake, Dhadho, alikuwa safarini na mitumbwi ya mpunga. Mama yake, Tuneya, alikuwa na kichanga cha wiki mbili. Kwa hiyo siku mwalimu alipowaita wazazi, aliyekwenda ni bibi yake, Mwanaarusi, mama yake Dhadho, mwanamke mwembamba aliyebakiwa na meno matatu na asiyeona sababu ya kuyaficha.

"Mtoto mnayeniletea ni nusu," mwalimu aliwaambia. "Nusu nyingine inasomeshwa nyumbani. Kila siku baada ya alasiri mtoto akae na mkubwa wake, amsomee ubao wote. Asiyejua asubuhi atakutana na bakora."

Mwanaarusi akauliza, "Na mkubwa akiwa hajui kusoma?"

"Asikilize tu."

"Nitajuaje kama anasoma au anapiga porojo?"

"Mungu anajua."

"Basi Mungu ndiye amsikilize, mwalimu. Mimi nina mpunga wa kuamia ndege."

Watu walicheka. Mwalimu hakucheka, na ubao ukapelekwa shambani.

Mpunga ulikuwa umeanza kuzaa, na ndege walikuwa wameshapeana habari. Katikati ya shamba palikuwa na dungu, jukwaa la miti lililoinuka juu ya mpunga, ambapo mtu hukaa na kombeo lake akipiga kelele mpaka ndege wachoke au achoke yeye. Hapo ndipo Kaltuma alipomsomea bibi yake kila alasiri. Alisoma upesi, kwa sauti, bila kukwama, na Mwanaarusi akaona mtoto ana akili za kwao.

Siku ya tano bibi akaweka kidole kwenye ubao. "Hiki nini?"

"Re."

"Jana uliniambia ni dali. Usiku kimehama ukoo?"

Kaltuma akaangalia ndege. Ikabidi aseme ukweli: alijua herufi tatu tu, nyingine alikuwa akizitaja jinsi zilivyomjia, kwa kuwa hapakuwa na wa kumkosoa. Mwanaarusi hakumpiga. Kilichomuuma ni kwamba amekaa siku nne akitikisa kichwa kama mwenye kufahamu, huku mtoto wa juzi akimzungusha.

Kesho yake alimkamata mwalimu njiani. "Nitajie zote," alisema. "Moja moja, kwa kidole. Mara moja tu, sitakusumbua tena."

Mwalimu akataja herufi zote ishirini na nane za Kiarabu. Mwanaarusi hakuwa na wino wala karatasi, kwa hiyo kila herufi aliifunga kwenye kitu anachokijua, kama mtu anavyofunga mbuzi kwenye kigingi cha karibu.

Alasiri hiyo dunguni chuo cha pili kikafunguliwa.

"Alifu ni mchi," Mwanaarusi alisema. "Umesimama, hauna kazi. Be ni mtumbwi, hii nukta ni jiwe chini yake. Te, mtumbwi una watu wawili. The una watu watatu, na huyo wa tatu ni mama mkwe, hakualikwa."

"Na hii?"

"Jimu. Hii tumbo la Mzee Godhana. Unaona kitovu?"

Kaltuma aliona. Akacheka mpaka dungu likatikisika.

"Ha ni tumbo hilohilo, siku ya baridi, amejifunika shuka, kitovu hakionekani. Kha ni tumbo la Mzee Godhana na nzi juu yake. Dali ni mwalimu ameinama anatafuta kiatu chake. Sini ni meno yangu, hesabu, matatu. Shini ni meno yangu na punje tatu za wali zimeruka."

Walizitaja kwa kelele, kwa zamu. Badala ya kuwatukana ndege kama ilivyokuwa desturi ya shamba lile, waliwarushia jiwe na herufi pamoja. Mashamba yalipakana, na katika kila dungu walikuwapo mtoto na mkubwa wake wanaohangaika na ubao. Siku ya kwanza majirani walisikiliza. Siku ya tatu walikuwa wakiitikia. Ukipita mtoni alasiri ungesikia sauti kutoka dungu hili, "Jimu," na kutoka dungu lile, "Ina kitovu." Watoto wa wafugaji walioshusha ng'ombe kunywa maji, ambao hawakuwa na chuo wala ubao, walirudi malishoni na herufi sita bila kuombwa.

Baada ya wiki tatu darasa zima lilijua herufi zote. Mwalimu Abdulsalam, aliyezoea kuona jambo hilo likichukua miezi, akadhani ni bakora yake. Alifurahi kiasi cha kula ndizi. Akamwalika Mzee Godhana na wazee wenzake waje wasikie.

Godhana akaja, akaketi mbele kwenye kiti chake cha kamba, tumbo magotini. Mwalimu akamsimamisha Chande, mjukuu wa Godhana mwenyewe, mtoto mpole wa miaka sita. Akamwonyesha jimu.

Chande akatazama ubao. Kisha akageuka, akamtazama babu yake kwa makini, juu mpaka chini.

"Jimu," akasema.

"Vizuri. Na hii?"

Chande akamtazama babu tena, akasubiri kidogo, akatafuta kitu hewani. "Kha."

"Kwa nini mtoto ananitazama mimi?" Godhana akauliza. "Ubao uko huko."

"Nakusoma, babu," Chande akajibu.

Watoto kumi na mmoja waliobaki wakainamisha vichwa kwa pamoja. Mmoja akakohoa. Godhana alikuwa mtu mzito lakini si mjinga, na haikumchukua muda kuvuta habari yote kutoka kwa mjukuu wake, ambaye hakujua bado kwamba kuna mambo ya kuficha: mtumbwi, kitovu, nzi, mwalimu na kiatu, dungu, na nani aliyeanzisha.

Kaltuma akatumwa shambani kumwita Mwanaarusi. Bibi alikuja na matope mpaka magotini, amemshika Kaltuma mkono. Alikuwa na ulimi mkali, lakini alijua baraza ile ni ya nani, na kwamba chuo kikifungwa ni mjukuu wake atakayekosa. Alikuwa amekwisha kumwona Kaltuma akiandika kwa kidole kwenye unga uliomwagika, peke yake, bila kuambiwa.

"Hizi ni herufi za Kitabu, Bi Mwanaarusi," mwalimu alisema. "Umezijaza nzi na matumbo."

"Mwalimu, ulinitajia mara moja. Sikuwa na pa kuziweka ila kwenye vitu ninavyoviona kila siku. Mzee Godhana namwona kila siku. Hata nisipotaka."

"Nimefanywa ubao," Godhana akasema. "Kwenye baraza yangu mwenyewe."

"Nakuomba radhi, mzee," Mwanaarusi akasema, na alimaanisha. "Kuanzia leo jimu ni kibuyu chenye tundu. Wewe nimekutoa."

Godhana akakubali radhi, kwa shingo upande, akaingia ndani.

Kibuyu hakikufaa. Siku ya pili watoto sita hawakujua jimu. Siku ya tatu mwalimu mwenyewe alinyanyua bakora kumwadhibu Chande kwa kukosa kha, akakuta macho ya mtoto yanakwenda mlangoni kumtafuta mwenye nyumba, akaishusha. Na Godhana naye hakuwa na raha. Kwa wiki kadhaa watoto walikuwa wakimwangalia kwa furaha kila apitapo, naye alidhani ni heshima. Sasa walimpita kama gogo. Alipokwenda mtoni, watoto wa wafugaji hawakunyoosha tena vidole na kusema, "Jimu." Nyumbani, mkewe alimuuliza kama anaumwa.

Siku ya saba akatembea mwenyewe mpaka shambani kwa Mwanaarusi. Dungu halingemchukua, kwa hiyo alisimama chini, kwenye tope.

"Mama Dhadho," alisema akitazama juu. "Hicho kibuyu kimekaaje?"

"Kibaya, mzee. Watoto hawakipendi."

"Nilijua." Akapangusa jasho. "Nirudishe. Lakini kwa sharti. Huyo nzi aondoke."

Mwanaarusi akafikiri. Kaltuma alikuwa pembeni yake ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Siwezi, mzee. Nzi akiondoka, kha inakuwa ha. Tutakuwa tumeharibu Kitabu kwa ajili ya tumbo lako."

 Ndege walishuka kwenye kona ya shamba wakala mpunga na hakuna aliyewatupia jiwe.

"Hata kama ni nzi mdogo?"

"Nitawaambia ni mdogo," Mwanaarusi akasema.

Jambo likaisha hivyo. Mwalimu alinung'unika siku mbili, akaacha, kwa sharti lake naye: kwamba dali itakuwa mtu yeyote aliyeinama, asitajwe jina. Watoto walikubali na waliendelea kumtaja.

Mambo yalianza kuwa magumu mwezi wa pili wa chuo, mwalimu alipoingia kwenye kuunganisha herufi. Kaltuma alileta ubao dunguni, na Mwanaarusi akautazama kama mtu aliyerudi kijijini akakuta nyumba zimehamishwa.

"Mtumbwi wangu uko wapi?"

"Huu hapa, bibi. Zikishikana mikono be inakatwa. Inabaki kipande na jiwe lake."

"Na meno yangu?"

"Yapo, ila mkia hayana."

Bibi akajaribu, akakwama. Akajaribu kesho yake, akakwama palepale. Kaltuma alikuwa ameshamwacha nyuma, akisoma maneno mazima, na ilikuwa wazi kwamba huko mbele hakuna mchi wala kibuyu kitakachosaidia.  Siku hizo Mwanaarusi alilisha ndege mawe zaidi ya kawaida. Tuneya alipomuuliza ana nini, alisema ni jino.

Kaltuma ndiye aliyechukua kipande cha mkaa. Aliandika kwenye nguzo ya dungu, taratibu, akiacha nafasi.

"Hii nini, bibi?"

"Kipande cha mtumbwi. Jiwe chini. Be."

"Imeshikana na nini?"

"Na mchi. Ba."

"Endelea."

"Usinihimize. Kipande kingine. Watu wawili juu. Te. Na mchi tena." Mwanaarusi akasogeza uso karibu na nguzo mpaka pua ikagusa mkaa. "Ba. Ta."  Kisha akainama kuchungulia chini ya dungu, kuona kama kuna bata.

"Hakuna, bibi. Nimemwandika tu."

"Hayupo, na nimemsoma?"

"Ndiyo."

Mwanaarusi aliketi, pua nyeusi, akitazama lile neno. Akalisoma tena, kisha mara ya tatu, kila mara likitoka bata yuleyule.

"Na matusi yanaandikika?" akauliza.

"Mwalimu hajatufikisha huko."

"Muulize," Mwanaarusi akasema, akachukua kombeo, maana ndege walikuwa wamefika upande wa kina Chande.