Mwanamke Aliyekatiza Njia

Mimi sijui kuimba. Nianze na hilo, maana wiki ile mgodi ulipofungwa waandishi walinifuata hadi mlangoni na kamera zao, wakiniita ati "mwimbaji mwenzake Okhwa". Mwimbaji! Sauti yangu ikitoka, mbwa wa jirani hunyanyuka akaenda zake. Mimi nilikuwa mchambuaji wa makaa ya mawe mgodini miaka ishirini na tisa, na nililo nalo la kusema juu ya Okhwa si la muziki. Ni la kipande cha mti.

Huku Heukgol, kijiji chetu cha mgodi, wachambuaji walikuwa wajane. Mumeo akifia shimoni, kampuni inakupa aproni, glavu na nafasi pembeni mwa mkanda. Hiyo ndiyo pole yao. Mkanda unaleta makaa kutoka chini, nawe unatoa mawe, nyaya, vipande vya mbao, chochote kisicho makaa. Mimi nilipata nafasi yangu nikiwa na miaka thelathini na mitatu, na mtoto mmoja wa kiume, Dalho.

Na asubuhi, kabla ya saa moja, mwanamke hakatizi njia mbele ya mchimbaji. Ni mkosi. Ukiwa na haraka ya choo, subiri. Tulikuwa tunasimama kando ya barabara tumegeuza migongo mpaka wapite wote. Mchimbaji aliyekatiziwa njia aligeuza, akarudi zake kulala, na wala hakukatwa siku yake. Nyapara, Bwana Pyo, alikuwa amepigilia hata kibao pale: WANAWAKE WASIPITE KABLA YA ZAMU KUINGIA. Kaandika mwenyewe kwa rangi nyekundu.

Okhwa aliolewa kijijini kwetu akiwa bado binti mbichi, na alikuja anaimba. Anafua, anaimba. Anakatakata figili, anaimba. Mumewe, Pilseok, alikuwa anatembea kifua mbele kama mtu aliyeoa redio. Kila asubuhi akishavaa mabuti ya kazi, Okhwa alivichukua viatu vya mumewe vya nyumbani akavigeuza ncha zitazame chumbani, ili mwenye viatu arudi. Sote tulikuwa tunafanya hivyo. Ila yeye alivitungia wimbo, akimwimbia mumewe kwa sauti ya chini nyuma ya mlango:

*Viatu nimekugeuzia mlangoni,*
*ncha zake zatazama ndani;*
*supu nimekuwekea mekoni,*
*rudi, usilale shimoni.*

Siku moja Pilseok alisahau mkebe wake wa chakula. Okhwa akautwaa, akatoka mbio, akakatiza barabara mbele ya wanaume wote akamkabidhi. Wenzake wakaguna. Pilseok akacheka, "Mke wangu mkosi? Nendeni zenu huko!" Akaingia. Saa sita mchana paa la shimo likamwangukia.

Heukgol nzima ikasema Okhwa kaua. Mama mkwe wake alisema, wachimbaji walisema, na mimi, Mungu anisamehe, nilisema kuwashinda wote. Nilisema bombani, nilisema sokoni, nilisema kwenye foleni ya tofu.

Sasa sikilizeni nilichokuwa nakificha. Siku moja kabla ya paa kumwangukia Pilseok, kwenye mkanda wangu, kilipita kipande cha nguzo. Nguzo zile ndizo zinazoshikilia paa kule chini. Nilikibonyeza, kidole kikazama kama kwenye kiazi kilichochemshwa. Mti umeoza. Na mchambuaji anajua: mti uliooza ukija na makaa, basi huko ulikotoka wenzake wako hivyo hivyo, na juu yao kuna mlima. Nikamwangalia Bwana Pyo amesimama na daftari lake. Nikafikiria kazi yangu, nikafikiria shule ya Dalho. Nikakitia kapuni, nikaenda nacho nyumbani kuwashia moto. Na ndicho nilichowashia moto wa supu ya msiba wa Pilseok. Waombolezaji waliisifu supu ile.

Okhwa akaja kuwa mchambuaji, akasimama karibu yangu kabisa, kiwiko kwa kiwiko. Miaka minane hakuimba hata neno. Aliniita dada. Aliniondolea maharage kwenye wali kwa sababu yananipa gesi. Nilimpenda kama mdogo wangu wa tumbo moja, na bado nikanyamaza. Ukishapitisha mwaka wa kwanza bila kusema, wa pili ni mgumu zaidi.

Halafu ukaja mwaka themanini na sita. Dalho wangu ana miaka ishirini na minne, ana mke na mtoto mchanga, yuko shimoni, sehemu ya tatu. Na kutoka sehemu ya tatu mti uliooza ukaanza kuja. Kimoja Jumatatu. Viwili Jumanne. Nikampelekea Bwana Pyo mkononi.

"Mama Dalho, wewe umeajiriwa kuchambua makaa au kukagua migodi?"

"Kitu kimeoza, Bwana Pyo. Bonyeza mwenyewe."

"Kabonyeze mkanda."

Nikamwambia Dalho asiingie. Akacheka kama Pilseok alivyocheka. "Mama, nisipoingia, mtoto nimlishe mvua?" Kugoma ndiyo usiseme kabisa. Wakati ule walikuwa wanatawala wanajeshi, na mgomo ulikuwa na anwani moja tu, jela.

Usiku kucha sikulala. Asubuhi niko kando ya barabara na mgongo wangu nimeugeuza, ndipo likanijia. Wanaume hawa hawamwogopi nyapara, hawaogopi mlima, wanaogopa sketi. Na katika sketi zote za Heukgol, moja wanaiogopa kuliko zote.

Jioni tulikuwa bafuni kwa wachambuaji, pale tunapokaa kwenye vigoda tukasuguana migongo, maana makaa hayatoki kwa maji peke yake. Nilikuwa namsugua Okhwa. Nikamwambia: kesho katiza njia, uwarudishe.

Mgongo wake ukakauka. "Dada, usinitanie hivyo."

"Sikutanii. Dalho yuko chini ya nguzo mbovu."

"Nilishaua mmoja. Unataka niue na mwanao?"

Alisema hivyo bila hasira. Kumbe miaka minane yote, kila neno nililolisema kwenye foleni ya tofu alikuwa ameliamini. Jamani, nilitamani sakafu inimeze. Mficha uchi hazai, wanasema, nami nilikuwa uchi tayari, kwa hiyo nikasema. Nikamweleza kipande cha mti, daftari la Pyo, kapu langu. Nilikuwa naongea na mgongo wake, uso sikuuona.

"Hukuua mtu, Okhwa. Aliyejua ni mimi. Mumeo alikufa kwa nguzo iliyooza, na mimi niliishika kwa mkono huu."

Maji yakadondoka bombani. Wenzetu wanacheka kule mwisho, hawana habari.

"Ule mti," akasema, "uliufanyia nini?"

"Niliwashia moto."

"Ukapika nini?"

Nikamwambia. Maji ndani ya karai yakapoa. Nikaacha kusugua, nikijua sasa atanyanyuka, na akinyanyuka sina mdogo, wala Dalho sina.

"Endelea," akasema. "Bado bega la kushoto."

Nilipomaliza kumsugua alivaa, akaondoka bila kuniaga.

Kulipokucha nilisimama kwenye kibao cha Pyo. Wanaume wakaanza kushuka na taa zao, Mzee Baek, mchimbaji wa siku nyingi, mbele, Dalho wangu katikati na mkebe wake. Okhwa hayupo. Wakanipita mbele ya kibao. Nikafungua mdomo kupiga kelele yoyote ile, na hapo nikasikia sauti ambayo Heukgol haikuisikia miaka minane. *Viatu nimekugeuzia mlangoni.* Alitoka upande wa duka la tofu, amevaa gauni lake la harusi, la kijani, limembana kifuani. Akakatiza barabara polepole mbele ya Mzee Baek. Akafika ng'ambo, akageuka, akakatiza tena.

Hakuna aliyesogea. Wengine walikuwa wamekumbatia mikebe yao, wanaume wazima.

Bwana Pyo akaja mbio. "Ingieni! Ujinga gani huu! Karne hii mnaamini mikosi?"

Mzee Baek akazima taa ya kofia yake. "Kibao hiki kaandika nani, Bwana Pyo?"

"Kibao ni... ni utaratibu."

"Basi na sisi tunafuata utaratibu. Leo nalala." Akageuza. Nyuma yake wakageuza wote, na Dalho wangu naye. Nilikaa chini palepale kwenye matope nikalia.

Siku ya pili wachambuaji kumi na mmoja walikatiza, nami nikiwemo. Siku ya tatu wake za wachimbaji wakatoka, wamebeba watoto, tukajaa barabara nzima, na wimbo wa viatu kila mtu ameshaujua. Siku ya nne malori yakaleta nguzo mpya, ati ni ukarabati wa kawaida. Siku ya tano polisi wakaja wakamchukua Okhwa akiwa anaosha vyombo.

Sehemu ya tatu haikuanguka. Tangu nguzo zile, hakuna aliyefia humo. Watu wa kampuni walikuwa wanasema, mnaona, hapakuwa na hatari yoyote. Waache waseme. Mimi mwanangu ana mvi leo.

Okhwa alifungwa mwaka na miezi miwili. Alipotoka kazi hakuna, nyumba ya kampuni wamempa mtu mwingine. Nikamwambia njoo kwangu. Akaja, akaweka viatu mlangoni, wala hakuniambia amenisamehe, nami sikuuliza. Kuanzia hapo alikuwa mtu wa kwenda na kurudi. Walimwita waunda meli awaimbie kwenye mgomo wao, wakamwita mabinti wa viwanda vya nguo, makondakta wa mabasi. Kaseti zake zilipita chini ya meza. Alikamatwa mara tatu zaidi. Kila mwaka, mwezi wa kusindika kimchi, anarudi, anachuchumaa nami kwenye kabichi, ananicheka ninavyokata. Akiondoka tena nachukua viatu vyake vya nyumbani, nageuza ncha zitazame ndani.

Mara moja nilimfuata kusini kumsikiliza. Watu maelfu, yeye juu ya lori, kijitu kidogo. Akaimba ubeti wa viatu. Kisha akaimba ubeti ambao sikuwa nimewahi kuusikia, alioutunga jela:

*Niliuona mti umeoza mkandani,*
*nikautia kapuni;*
*nikauwashia moto msibani,*
*nikanyamaza, jamani.*

Mwanamke mmoja kando yangu akapayuka, "Shetani! Ulimuua mumeo mwenyewe!" Wengine walikuwa wanalia. Okhwa alimaliza ubeti, akainama kwa heshima, akashuka.

Nilimbana nyuma ya lori. "Una wazimu? Yale ni yangu! Kwa nini unajitwika?"

"Usipige kelele, dada."

"Nimekutwika lawama isiyo yako miaka minane, sasa unachukua na nyingine!"

"Dalho anashuka shimoni kila siku na wale wanaume," akasema. "Rafiki zake Pilseok. Wakijua ni mama yake aliyenyamaza, siku paa likimwangukia, nani atakimbilia koleo amfukue?" Akanifunga skafu vizuri shingoni, maana ilikuwa imelegea. "Na wimbo unataka mtu wa kusema 'niliuona'. Mimi sauti ninayo."

Hivyo ndivyo alivyoimba, miaka thelathini na zaidi. Popote nchi hii Okhwa anajulikana, ni mjane aliyeuona mti akaufumbia macho. Heukgol walijua hakuwa mkandani siku za Pilseok, ila walidhani anaimba mti mwingine, wa miaka yake ya kazi. Walimwandikia barua za matusi. Nyingine zilifika kwangu, nikazitia motoni.

Mgodi ulifungwa mwezi wa sita. Zamu ya mwisho ilipanda juu saa nne asubuhi, Dalho akiwa nayo, miaka hamsini na minane, mweusi tii kwa vumbi la makaa, akitabasamu. Chama cha wafanyakazi kilikuwa kimepanga viti mbele ya lango, na Okhwa wamemleta kutoka hospitali kwenye kiti cha magurudumu na mrija wa oksijeni puani. Vumbi la mkanda halichagui nani alikuwa chini na nani juu. Madaktari walikuwa wamemruhusu ubeti mmoja.

Aliimba ule wa viatu. Sauti imebaki uzi. Alipofika "usilale shimoni" pumzi ikakata, nesi akasogea. Wazee wote wameketi pale, waliomfahamu Pilseok, wanangoja ubeti wa pili kama walivyouzoea.

Nikamtazama Dalho. Alikuwa anavua kofia ya kazi kwa mara ya mwisho, anaiweka chini. Hashuki tena. Hakuna wa kumkimbilia koleo, wala wa kumwacha.

Nikaenda mbele. Mtu wa chama akadhani nakuja kumfariji, akanipa kipaza sauti nimshikie.

"Ubeti wa pili si wa Okhwa," nikasema. "Hakuwahi kuuona mti ule. Siku ile hata kazini hakuwa. Mchambuaji alikuwa mimi, mama yake Dalho." Nikauimba. Nikauimba wote, na sauti hii ya kufukuza mbwa, na msibani nikaitaja kwa jina, msibani kwa Pilseok.

Hakuna aliyepiga makofi. Dalho alisimama na kofia miguuni, ananitazama, na nikajua nitakuwa na mengi ya kumjibu nyumbani. Mzee Baek, aliyebakiwa na meno matatu, alikuwa ameinamisha kichwa. Nikarudisha kipaza sauti.

Okhwa akanishika kidole, akanivuta nimwinamie. Mashavu yake yalikuwa yamelowa.

"Sauti mbaya kweli, dada," akasema. Akavuta pumzi, ikachukua muda kufika. "Rudia."