Talaka Iliyobaki

Mume wangu Mwinyihaji alikuwa amebakisha talaka moja, akailinda kama mboni ya jicho. Mbili alikwishanipa kwa hasira, kisha akanirejea. Ya tatu haina marejeo, kwa hiyo tangu hapo alinipiga huku amejiuma ulimi. Na kupiga alijua, laana imshukie.

Mwaka wa tisini na moja saratani ikamkamata kooni. Madaktari kule ng'ambo ya kivuko, kisiwani, walimtoa koromeo lote na sauti yake, wakamwachia tundu la shingoni la kupumulia. Likoni nzima ilinipa pole. Pole ya nini? Zamani aliponguruma, majirani walikuja kuamua ugomvi. Sasa ngumi zilishuka kimya, tundu likipiga mluzi. Alinivunja jino mchana kweupe, na jirani yangu Mwanasaumu yuko nyuma ya ukuta anatwanga, hana habari.

Muuguzi alikuwa amemfundisha kumeza hewa, kisha kuicheua na kuigeuza neno. Mume wangu akakata tamaa. Mimi sikukata. Nilimnunulia soda imsaidie kucheua, nikakaa naye barazani kila asubuhi: meza, cheua, sema. Neno lake la kwanza lilikuwa jina langu, Mwanabibi, vipande vipande. Nikaitika, "Abee." Watu wakasema nina moyo wa subira. Nilikuwa nao, maana nilitaka talaka yangu.

Siku ya Idi, Mwanasaumu na shemeji yangu Boga walikuwa kwetu wanakula. Nikasema mbele yao, "Mume gani huyu, hata kumwacha mke hawezi kutamka?"

Akanyakua mchi. Pigo la kwanza lilinivunja mkono, la pili likanilaza chini. Boga akamdaka kiunoni. Nikatema damu, nikamwambia mume wangu, "Sema, ikiwa wewe ni mwanamume."

"Nyamaza, kaka," Boga akamsihi. "Wallahi, nyamaza."

Akameza hewa. "Nime." Akameza tena. "Ku." Nilimngoja, kama nilivyomzoesha. "Acha."

Mwanasaumu akaacha kutafuna. Mchi ulimponyoka Mwinyihaji, uso ukamsawijika.

Nikaokota buibui langu kwa mkono mzima, nikavuka kizingiti. Nyuma yangu nikamsikia akimeza hewa.

"Mwanabibi."

Hajapata kulitamka vizuri vile. Sikuitika.