Kompyuta Zisizoaga

Anjusha alikuwa na miaka ishirini na saba alipopewa kazi ya kushindanisha programu nne, na mojawapo ilikuwa ya mwalimu wake mwenyewe.

Kazi hiyo ilitoka milimani, Wayanad. Maktaba za vijiji thelathini na mbili zilikuwa zimepiga picha magazeti yao ya zamani, mabango ya mikutano, mihtasari ya vyama vya wachuma chai, hata kadi za harusi za enzi za mabibi, na vyote vikawekwa kwenye seva ya kampuni moja ya mjini. Kampuni ikafa, seva ikazimwa, na nusu ya picha zikaenda nayo. Wakutubi wakasema basi, safari hii hatutaki seva ya mtu. Kila maktaba ingetunza sehemu yake, na kompyuta zenyewe zingejuana. Msomaji akiuliza kitu kijijini kwake, kompyuta ya pale kama hainacho ingejua jirani wa kumuuliza, na jirani naye angemjua wa kwake, mpaka swali lifike penye jibu kwa hatua tatu au nne. Programu za kuendesha mtandao wa namna hiyo zilikuwepo, tena huria, yeyote anaruhusiwa kuzichukua na kuzisoma mstari kwa mstari. Kilichobaki ni kuchagua, na wakutubi wakaja kuomba msaada chuoni Kozhikode.

Profesa Ittoop akampa Anjusha.

"Pima zote nne kwa kipimo kimoja," alimwambia. "Ile ya wanafunzi wa Ujerumani, ile ya Wabrazili, ile ya huyu asiyejulikana anayejiita tk, na Chilanthi."

"Na Chilanthi, Mwalimu?"

"Kwa nini isiwemo? Na usiionee haya. Ikianguka, ianguke."

Alisema huku akitabasamu, tabasamu la mtu ambaye hajawahi kufikiria kwamba itaanguka. Chilanthi, yaani buibui, ndiyo programu aliyoiandika na wanafunzi wake wa kwanza miaka kumi na minane iliyopita. Ilifundishwa kila mwaka darasani. Mchoro wake ulining'inia ukutani nje ya maabara, na wageni wakija walipigwa picha mbele yake.

Anjusha alikuwa na sababu nyingine ya kutaka ishinde. Mama yake alipopooza upande mmoja, aliacha masomo miaka mitatu kumuuguza, na aliporudi kuomba nafasi, vyuo viwili vilimwambia amechelewa mno. Profesa Ittoop alisoma barua yake akasema, "Ulikuwa unauguza, hukuwa umelala. Njoo Jumatatu." Maneno hayo Anjusha hakuyasahau.

Alipima kwa wiki tatu. Maabara ilikuwa na kompyuta sitini kuukuu, na kila programu aliipa zote sitini, akatia humo picha elfu moja, akaondoa kompyuta ishirini, kisha akauliza maswali elfu moja kwa zile zilizobaki. Chilanthi ilijibu mia tisa tisini na nne, tena upesi kuliko zote. Ya Wajerumani na ya Wabrazili zilifuatana nyuma yake. Ile ya tk ilijikongoja mwisho, mia tisa hamsini na nane, taratibu kama mtu anayepanda ngazi na mzigo.

Profesa alisoma matokeo amesimama mlangoni. Akayasoma mara ya pili. "Haya," alisema. "Jumamosi wakutubi watakuja. Tutawaonyesha hii."

Alipokwenda zake, Bi Beevathu alivuta kiti karibu na meza ya Anjusha. Bi Beevathu alikuwa msimamizi wa maabara tangu kompyuta za kwanza zilipoingia, mama wa makamo, mtandio umefungwa vizuri kichwani na mkufu wa funguo kiunoni unaomtangulia kwa kelele popote aendapo. Hakuwa amesomea programu, lakini hakuna aliyejua kompyuta zile kama yeye.

"Mwanangu, nikuulize kitu cha kijinga?"

"Uliza, Bi Beevathu. Vya kijinga ndivyo ninavyoviweza."

"Hizo ishirini unazoziondoa, unaziondoaje?"

"Naziandikia amri tu. Funga. Zinafunga."

"Zinafunga vipi? Kimya?"

"Hapana, zinaaga kwanza. Zinawaambia majirani mimi naondoka, zinawakabidhi picha zao, halafu zinazima."

Bi Beevathu akaanza kucheka, mabega yakitikisika. "Ehee! Kompyuta zenye adabu hizo! Mume wangu mwenyewe akitoka haniagi hivyo. Sasa kule Wayanad, umeme ukikatika, unabisha hodi kwanza? Unasema jamani nakatika, kabidhianeni vitu?"

Anjusha alicheka naye. Kisha kicheko kikamwisha kinywani.

Asubuhi iliyofuata alimpigia simu mkutubi mmoja wa kule, mzee Chathukutty, ambaye ndiye aliyekuwa akizisemea maktaba zote.

"Mzee wangu, shikamoo. Nina swali dogo. Huko umeme hukatika mara ngapi kwa siku?"

"Marahaba, binti. Unauliza siku gani, ya jua au ya mvua?"

"Kama leo."

"Leo mara nne. Na bado sijanywa chai ya saa nne."

Aliweka simu, akamwomba Bi Beevathu amfungulie kisanduku cha swichi za ukutani. Kila swichi ililisha safu mbili za kompyuta, kumi kwa kumi. Waliijaza Chilanthi picha zake elfu moja, wakangoja itulie, kisha Bi Beevathu akashusha swichi, ka! Skrini ishirini zikawa nyeusi kwa pamoja. Anjusha akauliza maswali yake.

Mia sita na kumi na moja.

"Labda tumekosea," alisema Anjusha.

"Labda," alisema Bi Beevathu, akapandisha swichi.

Walirudia siku nzima, na siku ya pili pia. Chilanthi haikuvuka mia sita na thelathini. Kompyuta zilizobaki ziliendelea kuwauliza majirani waliokwisha kuzimika, zikingoja jibu ambalo halingekuja, na picha zilizokuwa kwa hao waliozimika hazikuwa na nakala mahali pengine, kwa kuwa nakala zilitolewa wakati wa kuagana tu. Zile mbili za Ujerumani na Brazili zilikaribia mia tisa. Ile ya tk, iliyojikongoja mwisho, haikushtuka hata kidogo. Mia tisa hamsini na tano. Ilikuwa ya polepole kwa sababu tangu mwanzo iliweka kila picha mahali panne, na kila baada ya muda mfupi iliwagongea majirani zake kuona kama wapo.

Anjusha akafungua msimbo wa Chilanthi, yaani mistari yenyewe ya programu, na kuusoma tangu juu. Katikati, juu ya mistari ya kuondoka, alikuta maelezo mafupi ya mwandishi: *Hapa tunachukulia kila anayeondoka ataaga. Nitarekebisha baadaye.* Chini yake herufi mbili za jina la Profesa, na tarehe ya miaka kumi na minane iliyopita.

Alikaa akiyatazama maneno yale kwa muda mrefu. Hakuna aliyemwambia ajaribu kwa swichi. Matokeo yake ya kwanza hayakuwa uongo hata kidogo. Angeweza kuyaacha kama yalivyo, Jumamosi ikapita, Profesa akapigwa picha mbele ya mchoro wake. Nani angejua? Kisha akamfikiria mzee Chathukutty na umeme wake wa mara nne kabla ya chai, akiketi mbele ya kompyuta inayowaita majirani waliokwisha kuzimika, picha za kijiji zikimpotea kwa mara ya pili. Akaandika ripoti upya, mambo yote mawili ndani, la adabu na la swichi.

Alhamisi mchana alibisha mlango wa Profesa.

"Mwalimu, nimekosea kwenye kipimo."

"Kila mtu hukosea. Wapi?"

"Nilikuwa nazizima kwa amri, zinaaga. Huko maktabani hazitaaga. Tumejaribu kwa kukata umeme." Akaweka karatasi mezani. "Chilanthi imekuwa ya mwisho. Kwa mbali."

Profesa alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Alisoma.

"Nani mwingine anajua?"

"Bi Beevathu."

"Basi chuo kizima kinajua."

Anjusha hakujua kama acheke. Profesa mwenyewe hakuwa anacheka.

"Mmerudia mara ngapi?"

"Kumi na mbili, Mwalimu."

"Twende chini."

Pale maabara alimwomba Bi Beevathu ampishe, akashusha swichi kwa mkono wake. Mia sita na nne. Akaipandisha, wakaijaza upya, akaishusha tena. Mia sita na ishirini. Kisha akaomba aonyeshwe msimbo, na Anjusha akamfungulia pale pale kwenye yale maelezo. Profesa aliinama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Nakumbuka siku hii," alisema taratibu. "Tulikuwa na kompyuta sita, chumba kimoja. Hakuna iliyokuwa ikizimwa bila mmoja wetu kuizima. Nikasema nitarudi."

Akamgeukia Bi Beevathu.

"Nimeifundisha hii kwa vijana wangapi, Beevathu?"

"Wengi, Profesa. Na wote wamefaulu."

"Ndiyo. Kwa majibu yangu." Akajinyoosha. "Anjusha, umefanya kazi yako. Niache kidogo."

Profesa akaondoka. Ijumaa hakuja chuoni, na simu yake haikupokelewa. Anjusha alirudi nyumbani jioni akiwa hana hamu ya kitu. Mama yake, ambaye maneno siku hizi yalimtoka moja moja, alimtazama akisukumasukuma wali na samaki kwenye sahani.

"Nini?"

Akamweleza yote.

Mama alifikiri. "Ulimwambia... kwa adabu?"

"Ndiyo, mama."

"Uso kwa uso?"

"Uso kwa uso."

"Basi kula."

Jumamosi wakutubi walijaa ukumbini, wengine wameanza safari alfajiri, miavuli inachuruzika maji pembeni mwa mlango. Mzee Chathukutty alikaa safu ya mbele, daftari gotini. Saa ya kuanza ikapita kwa dakika tano, ikapita kwa kumi. Anjusha alikuwa ameshasimama aanze peke yake, Profesa Ittoop alipoingia amejifunga shuka jeupe la kiunoni lililopigwa pasi, akaenda moja kwa moja mbele.

"Ndugu zangu," alisema, "niliwaita niwaonyeshe programu yangu. Nitawaonyesha, lakini si kwa sababu niliyofikiria. Huyu binti ameipima, na imeshindwa. Akazipima na nyingine tatu, na kuna iliyosimama. Anjusha, waeleze. Usiruke kitu."

Akakaa safu ya mbele pamoja na wakutubi, kando ya mzee Chathukutty.

Anjusha alieleza. Alipomaliza, mzee Chathukutty aliinua mkono.

"Huyu tk ni nani?"

"Hatujui, mzee wangu. Nimemwandikia mara tatu, hajibu. Hajaigusa programu yake kwa miaka mitatu sasa."

"Kwa hiyo yenye nguvu haina mwenyewe, na yenye mwenyewe haina nguvu." Watu wakacheka. "Sasa ikiharibika nitampigia nani? Maana seva ile nayo ilikuwa na nguvu sana, mpaka siku wenyewe walipofunga ofisi."

Swali hilo Anjusha hakuwa amelipima kwa kipimo chochote. Alipima kasi, akapima nakala, akapima waliozimika, ila hakuwahi kupima nani atapokea simu. Aliona aibu kidogo, akakiri palepale.

"Hilo sikulifikiria."

Kisha Profesa akasema pale alipokaa, bila kugeuka, "Msimbo uko wazi. Tunaweza kuuchukua tukautunza sisi. Mnipigie mimi, au yeye."

"Profesa," alisema mzee Chathukutty kwa upole, "si ungerekebisha hiyo yako tu? Umeshaijua."

"Ningeweza. Ingenichukua mwaka, na mwaka mzima mngekuwa mnapoteza picha nikijifariji. Hapana. Chukueni iliyo tayari."

Wakutubi walinong'onezana, wakabishana kidogo juu ya kasi, mama mmoja akasema wasomaji wake wamezoea kungoja basi kutwa nzima, hawatashindwa kungoja picha kwa nukta mbili. Wakapiga kura. Ya tk ikapita.

Kabla mvua za mwaka ule hazijaisha, maktaba ishirini na tisa zilikuwa zimeunganishwa. Tatu zilibaki kwa sababu ya ugomvi wao wa siku nyingi juu ya nani aliye tawi la nani, jambo ambalo hakuna programu ya kulitibu.

Profesa Ittoop, na miaka yake sitini na moja, alianza kushuka maabara kila asubuhi kusoma msimbo wa mtu asiyemjua. Aliuliza maswali kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mengine ya kuchosha. Baada ya wiki sita alituma rekebisho lake la kwanza, mistari kumi na mitatu, ili kompyuta inayowaka baada ya umeme kurudi isiwasumbue majirani wote kwa mpigo. Ilikuwa zamu ya Anjusha kulikagua. Alilisoma, akalisoma tena, akageuza kiti.

"Mwalimu, naona zikiwaka mbili kwa wakati mmoja, zitangojana milele."

"Haiwezekani."

"Mstari wa tisa."

Alikuja akasimama nyuma ya kiti chake. Bi Beevathu, aliyekuwa akifuta vumbi safu ya pili, akaacha kufuta ili asikie vizuri.

"Mh," alisema Profesa. "Kweli. Lirudishe, nilifanye upya."

Anjusha akalirudisha. Profesa akavuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta ya jirani, akaanza kuandika kwa vidole viwili.